Baba Aliitikia Hodi ya Shamba Lisilo Lake

Aliyetuandikia ni msichana wa upande wa Bondo. Jina lake tumelificha.

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na hili sijawahi kumwambia mtu: namdharau baba yangu. Mbele ya watu mdomo wangu hufungika, kwa hivyo naandika.

Baba ni karani Kisumu. Mimi nakaa na mama yake, dani, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Humo ndani kuna gunda, yaani boma la zamani lililohamwa, ukuta wake wa udongo bado unaonekana. Hapo dani alizaa watoto wake wote na kondo zao za nyuma zilizikwa hapo, pamoja na ya baba.

Mwaka jana walikuja watafiti wa vitu vya kale na kibali cha serikali. Chifu akawaambia kibali pekee hakitoshi, lazima kwanza mwenye shamba apewe notisi. Baba akajitokeza na tai yake, akasema mwenye shamba ni yeye. Mimi na dani tuliporudi kutoka kliniki tulikuta shimo kwenye gunda, na baba anapigwa picha amekumbatia chungu kilichovunjika, utafikiri alikifinyanga yeye.

Dani hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Walipiga hodi kwa nani?"

"Kwangu, Mama. Niliitikia."

"Wewe nilikuzaa hapo. Mlango nilikupa lini?"

Baba akacheka, ati wazee hawaelewi mambo ya utafiti. Mtu mzima hivyo! Kondo yake inarushwa na koleo, naye anachekelea kwa sababu wageni wamemwita Bwana.

Sasa watafiti wamejua ukweli. Mvua ikiisha watakuja kumpa dani mwenyewe notisi, wachimbe upande wa pili. Dani ameshaniambia atakataa. Lakini yeye anajua Dholuo pekee, wao Kiingereza na Kiswahili, na wa kutafsiri ni mimi. Baba amenionya, "Aseme asemavyo, wewe sema amekubali. Ama shule utaisahau."

Shule naipenda kuliko kitu chochote. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, mngekuwa mimi, mngefungua mdomo mseme nini?

Leo baba yuko nyumbani, nasikia viatu vyake vinakuja mlangoni. Siku zote karatasi hii naificha chini ya godoro. Nakala yenu nimeshaituma; hii leo naiacha mezani. Si yeye ndiye msomi, asome.