Gauni la Mama Nomsa kwenye Mbio za Farasi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nainamisha uso, ingawa karibu wote walioniona siku ile wamekwisha kusahau. Nitakusimulia bila kujipamba, maana wewe ndiyo kwanza unaanza kushika kazi za watu, na mimi nilipokuwa na umri wako nilidhani sina la kufundishwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mume wangu, Themba, alikuwa mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokaa uhamishoni kwetu Morogoro. Nchi yao ilipofunguka akarudi kwao, nami nikamfuata. Miaka michache baada ya uchaguzi ule wa kwanza nikafungua chumba cha ushonaji Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Nilikuwa na cherehani moja, pasi na kioo kirefu. Kazi niliijua, na niliringa nayo.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa Mama Nomsa, mama wa makamo aliyekaa Jeppestown. Siku za wiki alifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu huko Randburg. Binti yake, Nomsa, alikuwa anaolewa, naye akanipa kazi ya gauni atakalovaa siku hiyo: satini ya zambarau, mikono mirefu, na vifungo kumi na kimoja mgongoni vilivyovikwa kitambaa kilekile. Kila alipokuja kupimwa, gauni likiwa bado na pini na halina mikono, aliligusa kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Litakwisha kweli, mwanangu?" Likakwisha Alhamisi. Tulikubaliana aje kulichukua Jumatatu, na harusi ilikuwa mwisho wa wiki hiyo.

Ijumaa akaingia rafiki yangu Furaha, msusi, Mkongo wa Bukavu, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Portia, rafiki yetu mwenyeji, alikuwa amepewa nafasi tatu kazini kwao: meza na chakula kwenye uwanja wa mbio za farasi, mwendo mfupi tu kutoka mtaani kwetu.

"Kesho tunaenda kwa farasi," Furaha akasema. "Lakini kule watu wanavaa, Zuhura. Hauwezi kuja na hii sketi yako."

Alisema kweli. Fundi nguo, kama hujui, ndiye anayevaa vibaya kuliko watu wote mtaani, kwa kuwa kila siku anawavika wengine. Furaha akageuka, akaliona gauni kwenye ndoano.

"Na hii je?"

"La mtu hilo."

"Nani atajua? Siku moja tu! Inakaa yako kabisa."

Ningesema hapana, mambo yangeishia pale. Lakini kesho yake asubuhi nilifunga mlango, nikalivaa, nikalibana ubavuni kwa mishono michache ya kufumua baadaye, maana Mama Nomsa alinizidi mwili. Nikajipaka marashi ya waridi niliyoletewa kutoka nyumbani. Nikajitazama kiooni. Nilipendeza, mwanangu, nisikudanganye, na hilo ndilo lililoniponza.

Uwanjani nilishangaa kila kitu. Majani ya kijani yaliyokatwa sawasawa, kofia za wanawake pana kama sinia, wanaume wakubwa wakisoma karatasi za farasi kwa makini kuliko mtihani. Na farasi wenyewe! Nilidhani ni wanyama tu wa kukimbia, kumbe wanatembezwa kwanza mbele ya watu, shingo zinang'aa, na kila mmoja ana maringo yake. Portia alinieleza yupi ni yupi. Yeye na Furaha wakaweka dau. Mimi nikakataa, nikasema nimelelewa vizuri, sichezi kamari. Nilijiona mcha Mungu kweli siku ile, na huku nimevaa nguo ya mtu bila idhini yake. Nikajichagulia tu kwa mdomo farasi mmoja mwekundu, mdogo kuliko wenzake, kwa sababu alinitazama.

Milango ikafunguka. Ardhi ikatetemeka, sauti za watu zikapanda, na yule mdogo wangu akawa nyuma, nyuma kabisa. Walipokata kona ya mwisho akajipenyeza pembeni. Nilisimama juu ya kiti. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, "Njoo baba, njoo!" mpaka Wazungu wa meza ya pili wakacheka. Akaja! Akawapita wote. Nikaruka chini, nimeinua mikono, nikageuka kumkumbatia Furaha.

Nyuma ya Furaha alikuwa amesimama Mama Nomsa. Amevaa aproni nyeupe na kofia ya jikoni, sahani tatu za nyama mikononi. Sikujua kwamba Jumamosi alifanya kibarua pale. Alitazama mikono ya gauni, akashuka hadi ubavuni nilipolibana, akarudi usoni kwangu.

Nilingoja apige kelele. Nilimwomba Mungu apige kelele. Alipanga sahani mezani, moja moja. Kisha akachukua kitambaa cha mezani, akakikunjua, na nilipokaa, akanitandikia mapajani.

"Angalia mchuzi, mwanangu," akasema kwa Kizulu, taratibu, kama alivyonisemesha siku zote.

"Eish, huyu mama ana heshima!" Portia akasema.

Furaha, ambaye hakuwahi kukutana naye, akampa sarafu. Mama Nomsa akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaenda zake jikoni. Sikula. Nilikaa na kile kitambaa mapajani, nimekishika kwa mikono yote miwili, mpaka mbio za mwisho zikaisha na wenzangu wakachoka kuniuliza nina nini.

Jumapili mchana nilikwenda Jeppestown. Nilikuwa nimefumua ile mishono, nimelipiga pasi, nimelifunga gauni kwenye karatasi safi. Alinikaribisha ndani, akanitengea chai. Nikapiga magoti.

"Nitakushonea jingine, mama. Jipya, bure. Nipe siku tano."

Akakoroga chai yake.

"Nimeanza kazi za nyumba za watu nikiwa na miaka kumi na sita," akasema. "Nguo zote nilizovaa kanisani, madamu alikuwa amekwisha kuzivaa. Zinakuja na mabega yake, na jasho lake. Nilisema siku ya Nomsa nitavaa nguo ambayo haijamjua mtu mwingine. Mara moja tu. Na rangi ni hii, nimeshawaambia dada zangu wote. Jingine la nini?"

Nikalia. Machozi yakadondokea ile karatasi.

"Usililoweshe," akasema, akalisogeza pembeni. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lilikukaa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma."

Nilimwuliza basi nifanye nini. Akasema vifungo viko mgongoni, hawezi kuvifunga peke yake. Nije asubuhi ya harusi.

Nilikwenda. Nyumba imejaa dada zake, wanacheka, wanapigana vikumbo mbele ya kioo. Nikafunga vifungo vyote kumi na kimoja. Mama Nomsa akajitazama, uso ukamng'aa kama wa msichana. Kisha akageuza shingo, pua ikagusa bega la gauni, akasita. Nilijua amenusa nini. Nilikuwa nimelipunga nje kwenye upepo usiku kucha kabla ya kumpelekea, na bado ile waridi yangu ilikuwa imebaki. Alinitazama kwenye kioo, akanipigapiga mkono, akatoka kwenda kumwoza binti yake.

Alinisamehe, mwanangu. Akaniletea hata wateja. Lakini ile mara ya kwanza sikuweza kumrudishia. Kitambaa ningepata, uzi ningepata, ila hiyo haiuzwi popote.

Tangu mwaka ule, nguo ikikamilika mikononi mwangu naishona shingo kwa uzi mwekundu, mishono mitatu. Haivaliki mpaka ukatwe, na anayeukata ni mwenyewe. Nampa mkasi, nageuka nitazame dirishani. Wengine huniuliza ni mila ya wapi. Nawaambia ni ya Rosettenville.

Basi nikuambie nilichokuitia. Ukipewa cha mtu ukishike, usijiambie "mara moja tu, hakipungui." Hujui mwenyewe amekingoja tangu lini, wala ni kitu gani ndani yake anachokihesabu. Na ukikosea, nenda mapema, piga goti, wala usikimbilie kulipa kabla hujasikiliza ulichoharibu.

Mungu akupe mikono inayoaminika. Akupe nawe jambo jema la kungojea, na siku likifika ulikute jipya, uzi wake haujakatwa, na nyuma yako asimame mtu anayekupenda akufungie vifungo.