Samaki wa Chumvi wa Daktari wa Meno

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Matangi alizalisha samaki wa maji baridi katika chumba cha nyuma, hata kazi ikawa imemzoea. Samaki wale hawakuwa na makuu. Jike alitaga kwenye majani, vifaranga wakaanguliwa, akawapa kiini cha yai kilichosagwa, wakakua. Uchovu wake ulikuwa wa mgongo tu, kwa ndoo za maji asubuhi na jioni.

Ndipo mdogo wake, daktari wa meno, alipomletea samaki wawili wa baharini, wa rangi ya chungwa, waliokuwa wakiwaliwaza wagonjwa wake kliniki. Alitaka wazae. Samaki ni samaki, alisema.

Dada mtu akamweleza kwamba sivyo. Wa maji baridi hana haja ya kunywa. Maji humwingia yenyewe, naye hukojoa kutwa. Wa baharini chumvi humkausha, ndiyo maana hunywa bila kukoma. Daktari akacheka, akasema hata yeye anao wagonjwa wa namna hiyo. Mama Matangi akakubali shingo upande.

Kila siku akawa anapima chumvi, kwani maji yakipungua kidogo tu, ukali unazidi. Mwezi wa nane jike akataga kwenye kigae. Vifaranga walitoka kama vumbi, kiini cha yai hawakiwezi. Walitaka vijidudu hai, na vijidudu navyo vilitaka kulishwa. Ikawa chakula nacho kinapikiwa chakula.

Siku ya sita wakafa wote. Uzao wa pili, siku ya tano. Wa tatu hata hakuhesabu. Wa nne walifika siku ya tisa, thelathini hivi, wameanza kutoka mistari myeupe. Mchana ule akasinzia kwenye stuli, na pampu ya hewa ikazima. Alipozinduka walikuwa wamekufa, akawachota kwa chujio la chai. Hakulia. Alikaa tu, kisha akampigia mdogo wake aje awachukue wakubwa.

"Dada, umebakiza kidogo. Mara moja tu tena."

"Sijashindwa, mdogo wangu. Nimechoka."

Daktari akauliza, taratibu, mgongo unaendeleaje. Hakuwa ameuliza tangu mwaka uanze.

Samaki wakarudi kliniki, na Mama Matangi akawa anaenda kila Jumanne kuwasafishia kioo. Wiki ya tatu akakuta mayai nyuma ya jiwe, dume akiyapepea kwa mapezi, wagonjwa wamesogeza viti karibu. Vifaranga wakianguliwa, watamezwa na pampu ya maji, alilijua hilo. Daktari alisimama mlangoni, akamtazama, hakuomba kitu. Mama Matangi akayaacha mayai pale, akafuta kioo upande wa pili, akakamua kitambaa, akaketi kidogo kabla ya kubeba ndoo.