Meza Iliyokataa Kibuyu

Jameni, chekeni tu, mimi ndiye yule fundi aliyemwagia baba mkwe mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa na mkaa, siku ya kuposa, tena bila hata kugusa kibuyu.

Kazi yangu ni kupiga fanicha vanishi hapa Sotik, na baba yake mpenzi wangu Chebet, mzee wa kule Merigi, alikuwa amesema wazi msichana wake haendi kwa fundi wa kupaka mbao, kwa hivyo nikaapa wazee wetu wakienda kumuomba nitatangulia na meza ya kumfunga mdomo. Nikapuliza vanishi, ikakauka na vishimo kama ganda la chungwa. Muuza rangi akanipa dawa ya kulainisha, akanionya, "Matone kumi kwa lita, fundi, usizidishe." Nikaweka kumi nikajaribu kwa ubao, na weee! Vanishi ikajitandaza yenyewe, vishimo vikafunga nikiangalia, nikajiona na meno yote! (Mwenye akili angeachia hapo.) Nikasema kama matone kumi yamefanya hivi, je, kifuniko kizima? Vanishi ya meza nikaimiminia viwili.

Siku ikafika, meza inang'aa mpaka mama yake Chebet anaogopa kuigusa. Lakini sakafu yao imeinama kidogo kuelekea mlangoni, hilo sikulijua, na mama alipoweka kibuyu cha mursik, kile cha kukaribisha wageni, nikakiona kinasonga. Polepole! Mjomba wangu akaruka akishike, akagonga meza, basi kibuyu na vikombe vyote vikateremka mpaka magotini pa mzee, suti nyeusi ikalowa maziwa na mkaa wake.

Chebet akafunika uso. Nikajua nimemkosa.

Mzee akapitisha kidole mezani, kikateleza. Akajaribu tena.

"Kijana, umeweka nini hapa?"

"Dawa ya kulainisha, baba. Nilizidisha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka unikubali."

Ai, huyo mzee alicheka mpaka akashika mbavu! "Tafuta msasa," akasema. "Mambo ya msichana tutaongea meza ikishika kikombe."

Nikavua koti, nikasugua mbele ya wazee wote, jasho linanitoka, ile kung'aa yangu yote ikaisha. Nikaweka kikombe. Kikakaa.

Siku hizi dawa naihesabu kwa sauti, tone kwa tone, na mke wangu Chebet amesimama mlangoni, nikifika kumi tu ananyang'anya chupa.