Subiri Mzee, Naongea na Bwana Mkubwa

Mwaka nilioposa, nilikuwa samurai. Asubuhi nilikuwa fundi cherehani hapa Mwankoko, lakini ikigonga saa tisa nafunga duka, navuka barabara hadi kwenye kibanda cha gemu, na huko nilikuwa na upanga, farasi na bwana mkubwa wa kumtumikia.

Usiniulize kwa nini Japani ya kale inatunasa hivi sisi watu wazima wa Singida. Upepo wa kule hupeperusha maua. Wa kwetu unakujaza vumbi mdomoni hata hujamaliza salamu. Halafu heshima ya kule ina kitufe chake. Unabonyeza tu, mtu wako anapiga magoti na kuinamisha kichwa mpaka sakafuni, nawe unajiona umelelewa vizuri kuliko mtaa mzima. Mimi niliyelalamika kila siku kwamba shikamoo zimezidi, nilikuwa namsujudia Mjapani wa kwenye runinga, tena kwa kulipia.

Washenga wangu walikuwa wameshapokelewa. Kilichobaki ni baba wa binti niliyemposa kuniona kwa macho yake, na wazee wa kwetu wakija kukuchunguza hawatoi taarifa. Baba wa binti alitoka kwake Sepuka, akakuta duka limefungwa, jirani akamwonyesha kibanda. Akasimama mlangoni, akakohoa.

Wakati huo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bwana mkubwa, anatoa hotuba. Nikainua mkono bila kugeuka.

"Subiri mzee, naongea na bwana mkubwa."

Hotuba ilipoisha nikageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mwenye kibanda akaniambia mgeni alisema ametoka Sepuka, ndipo nikajua nimemwambia nani asubiri.

Jumapili mjomba akanipeleka kuomba radhi. Nilimpenda sana yule binti, na hofu ya kumkosa ilinipotezea akili. Mbele ya mzee nikabana mikono mapajani, nikainama kuanzia kiunoni, kimya, kama nilivyozoea kuona kwenye gemu.

"Mgongo unamuuma?" mzee akamuuliza mjomba.

"Shikamoo baba," nikawahi.

"Marahaba. Yule bwana mkubwa wako hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Ana binti?"

"Hana."

"Pole. Ungeposa hukohuko."

Binti alikuwa anatuletea maji kwenye trei. Akasimama, akanitazama, kisha akageuka na trei yake, akarudi jikoni.