Mwalimu Ruhusa

Ngazi za jengo lile hazikuwa na taa. Mwalimu wa kompyuta alizipanda akipapasa ukuta, mkoba begani, miguu ikimlalamikia. Mtaa wenyewe hakuwahi kuukanyaga.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ruhusa, maana kila kazi waliyomletea aliuliza kwanza, "Huu muziki mmeuomba?" Miaka nenda miaka rudi, na jibu ni lilelile: "Si upo mtandaoni, mwalimu?"

Safari hii walimletea filamu fupi kuhusu wafagia barabara, nzuri kuliko zote alizowahi kusimamia. Kesho ingeonyeshwa mbele ya wazazi. Jina la mwimbaji walikuwa wameliandika mwishoni, wakaona wamemaliza.

"Kumtaja mtu si kumwomba," aliwaambia. "Bila ruhusa yake, haionyeshwi."

Walinuna. Akaona amtafute mwimbaji yeye mwenyewe.

Juu ya ngazi zile, mlango ulifunguliwa na mzee mwenye fulana. Nyuma yake gita lilikuwa limelala kitandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti, unahema kama umefukuzwa."

Mwalimu alimweleza shida yake, kisha akamwekea filamu kwenye simu. Mzee alisikiliza, uso ukamkunjamana.

"Wimbo ni wangu. Nimeutunga na kuurekodi mwenyewe humu ndani. Ila huyu anayeimba ni nani? Panya?"

Mwalimu akausikiliza tena, akaelewa. Vijana walikuwa wameuongeza wimbo kasi kidogo ili mtandao usiutambue. Kumbe walijua kuwa wimbo huombwa. Walijua fika, naye hakuling'amua hilo.

"Hao wajukuu zangu wana akili," mzee alisema. "Wangenipigia simu tu, ningewapa."

"Ndiyo nimekuja kuomba, baba."

"Nawapa bure. Lakini sauti yangu nirudishiwe. Nilivyoimba polepole nilikuwa na sababu."

Mwalimu alimwomba ayarudie maneno hayo simu ikirekodi. Mzee akayarudia, na kikohozi juu.

Wimbo ukirudi kwenye mwendo wake, hakuna picha itakayokaa mahali pake. Filamu nzima ingebidi ikatwe upya leo hii, naye akiwa kando yao. Akawapigia vijana.

"Msitoke maabara."

"Amekubali, mwalimu?"

"Wimbo amekubali. Ujanja wenu amekataa."

Akakata simu.

"Kunywa maji kwanza," mzee alimsihi.

"Nitakunywa hukohuko, baba. Asante sana."

Akatia mkoba begani. Mzee alibaki mlangoni akisikiliza viatu vyake vikishuka gizani, polepole, ngazi baada ya ngazi.