Tangazo la Kifo Nililolifungua

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kugombeza. Kwenye kliniki yetu hapa Bel-Air, wauguzi wakisikia viatu vyangu kwenye ngazi walikuwa wanaficha simu. Mimi ndiye niliyetunza kompyuta, mtandao, betri za sola na mafaili yote ya wagonjwa. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, niliwapanga kama watoto wa shule nikawaimbisha sheria yangu moja: usifungue kitu usichokitarajia. "Barua hauingojee, unaifungula ya nini?" niliwauliza, nao wakacheka chinichini. Nilijua wananisema, na wala sikujali.

Lakini sheria nyingine niliivunja mwenyewe, na niliivunja kwa akili zangu timamu. Diski ya akiba, ile yenye nakala ya kila kitu, inatakiwa ichomolewe kazi ikiisha na ifungiwe mbali. Aliyeandika sheria hiyo hajakaa Lubumbashi. Hapa courant inaondoka ikitaka na kurudi ikitaka, na kunakili mafaili yetu kulichukua saa nyingi ambazo hatukupewa kwa mkupuo. Basi nikaiacha diski imechomekwa siku zote, ili umeme ukirudi tu kazi ianze yenyewe. Nilijiona mjanja. Dokta mkuu alinisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Karatasi nilizifukuza pia. Nilisema zinaloa, zinaliwa na panya, zinasomwa na kila mpita njia. Mama mmoja alikuja na daftari la binti yake, limefungwa kwa mfuko wa plastiki na kamba ya kiatu. Binti alikuwa SS, mwenye damu ya selimundu, na alikuwa ameongezewa damu mara nyingi tangu utotoni. Mwili wake ulikuwa umejifunza kukataa baadhi ya damu, hata zile za kundi lake. Zilikuwa aina tatu, zimeandikwa kwa wino mwekundu katika daftari hilo, na lilikuwa halitoki mkononi mwa mama huyo.

Niliziandika kwenye kompyuta, nikamwambia, "Mama, pumzika sasa. Hii karatasi imezeeka. Kila kitu iko mu mashini." Alisitasita. Nililivuta daftari mkononi mwake, jamani, nililivuta. Nikalitia kwenye katoni pamoja na mengine, nikampa mlinzi wa geti akachome moto.

Binti akawa rafiki yangu. Alikuwa na miaka tisa na mdomo wa bibi kizee. Kila mwezi akija kupimwa alisimama mlangoni kwangu, mkono kiunoni: "Papa wa mashini, mashini yako ingali inanijua?" Nilifungua faili lake, nikamgeuzia kioo aone jina lake. "Inakujua." "Muzuri. Siku itanisahau, tutapigana." Mimi niliyegombeza watu wazima nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Kisha kaka yangu akaugua huko Pweto. Tulisikia amelazwa, halafu mtandao wa huko ukakatika, siku ya kwanza, siku ya pili, ya tatu. Nilipiga simu mpaka kidole kikauma. Kichwani nilikuwa nimeshamzika. Siku ya nne asubuhi, nimekaa ofisini, barua ikaingia kutoka anwani ya mtu wa famasi tuliyofanya nayo kazi. Kichwa chake kilisema: Tangazo la kifo. Ndani, mistari miwili: kwa uchungu mkubwa familia inawajulisha kifo cha ndugu yetu mpendwa, mpango wa kilio na mazishi umo ndani ya tangazo.

Hawakutaja jina. Aliyetunga mtego ule alitufahamu vizuri. Huku kwetu tangazo la kifo haliachwi bila kusomwa. Ukikosa kwenye kilio halafu useme hukusoma, watu watakuhesabu umekufa wewe. Na kila marehemu huitwa ndugu yetu, basi unafungua ujue ni ndugu wa nani. Tena mimi, ee Mungu wangu, sheria yangu mwenyewe ilinipa ruhusa. Usifungue usichokitarajia. Kifo hicho nilikuwa nakitarajia.

Nilibonyeza. Hakikutokea kitu. Nikabonyeza tena kwa hasira. Dakika chache baadaye mapokezi wakaita kwamba mafaili hayafunguki. Nikaruka kwenda kung'oa nyaya, nikazima mashine moja moja. Diski ya akiba ilikuwa pale pale ilipochomekwa, taa yake inamweta, imekwisha kuharibiwa pamoja na zingine. Kwenye vioo vyote lilibaki tangazo moja la wezi, wakitaka walipwe ndipo watufungulie. Dokta mkuu alikubali kuzungumza nao. Tuliwaandikia, hawakujibu hata neno.

Swali la nani alifungua lilikuja, bila shaka. Dokta mkuu alinituma mimi niwahoji wenzangu. Niliwahoji. Niliwatazama wauguzi usoni, mmoja mmoja, nikiandika majibu yao ya hapana. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mganga hajigangi, walisema wazee, lakini hawakusema mganga naye ni mwongo.

Mwisho nilitoa amri mpya, kwa sauti ileile ya zamani. Matangazo ya kifo hayafunguliwi tena kwa simu wala kwa kompyuta. Mwenye msiba alete karatasi. Niliibandika ukutani, mapokezi, wagonjwa nao waisome.

Kaka yangu alipiga simu wiki hiyohiyo. Alikuwa mzima, anatafuna samaki, ananicheka kwamba nimekuwa mwoga. Nilimfurahia, kisha nikamchukia kwa kitambo, halafu nikaona haya.

Haukupita mwezi, mama yule akaingia amembeba binti mgongoni, msichana mkubwa vile. Macho yake yalikuwa ya njano, midomo haina rangi. Alihitaji damu siku hiyohiyo. Daktari wa zamu alikuja mbio mlangoni kwangu: "Zile aina tatu, zilikuwa gani?" Nilimwambia sina. Akamuuliza mama. Mama akashika kichwa. "Bilikuwa bitatu. Biliandikwa na rangi nyekundu. Nilibifichaka mu daftari, papa wa mashini anajua."

Nilitoka nikikimbia. Zamani niliwahi kumkuta mke wa mlinzi wetu akifungia karanga kwenye kurasa zenye muhuri wa kliniki. Mumewe hakuwa amechoma katoni lile, alimpelekea yeye. Siku ile nilimtukana mlinzi mbele ya wagonjwa. Sasa nilikuwa naomba Mungu kwamba alikuwa ameniasi tena. Nilimkuta mke huyo wa mlinzi kwenye kona ya barabara, nikapiga magoti mbele ya beseni lake, nikaanza kukunjua vikaratasi vya karanga. Zilikuwa kurasa za daftari za shule, hesabu za mtoto.

"Papa, uko natafuta nini?"

"Zile karatasi za kliniki."

"Ile biliisha zamani. Si ulikataza?" Akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. "Pole, papa."

Niliporudi walikuwa wamepima damu kwa njia ya haraka, na kipimo kilisema inalingana. Daktari alinieleza kwamba kipimo kile hakioni kila kitu. Mwili unaweza kunyamaza miaka, ukikutana tena na damu unayoikataa, unakumbuka. Hospitali zingine mbili walizopiga simu hazikuwa na historia yake. Kusubiri kulikuwa kifo. Wakatundika chupa.

Nilikwenda kusimama kando ya kitanda. Aligeuza kichwa polepole.

"Papa wa mashini. Inanijua?"

"Inakujua," nikasema.

Akafumba macho, ametulia.

Siku mbili alikuwa anakula uji na kumchokoza mama yake. Wiki ile ikiishia, mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa, homa ikapanda. Wakampeleka hospitali kubwa. Mimi nilibaki nimekaa mbele ya mashine mpya, tupu, ambazo nilikuwa nimezifunga vizuri sana. Diski niliichomoa kila jioni. Nenosiri lilibadilishwa. Kila kitu kilifuata sheria, na ndani hakukuwa na kitu cha kuibwa.

Mama yule alirudi siku ya Jumatatu, wenzangu wakiwa wamejipanga wananisikiliza. Alikuwa amevaa kitenge cheusi, ametembea kutoka kwake kwa miguu. Alipita katikati yao mpaka kwangu, akafungua mfuko wa plastiki, uleule wa daftari, akatoa karatasi moja iliyokunjwa.

"Nilikuletea tangazo yake mu karatasi, papa," alisema. "Juu mulikataza ya mu telefone. Soma, hii haina ugonjwa."

Kwa desturi anayepokea anasoma mbele ya aliyeleta. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaisoma mpaka mstari wa chini, yeye amesimama ananingoja. Kisha akanishukuru kwa kumpenda mtoto wake, akaniambia kilio kiko nyumbani kwao, wenzangu wote wakaribie.

Nilienda, nikakaa na wanaume chini ya turubai siku zote tatu. Kila mara mama yule alipopita, niliinuka nimwambie nani alifungua, na kila mara nilikaa tena.