Nilifuata Kitabu Hola na Gunia

Cheka tu, hata mimi nimejicheka. Mimi ni bodaboda hapa Garsen, shule niliachia la nane. Dada yangu Habiba anasomea uuguzi. Juzi nikamkuta ameshika simu, machozi yanamlengalenga.

"Kesho nina mtihani," akasema. "Vyuo siku hizi vinatumia vitabu pamoja, na hiki changu kiko na mtu wa Hola. Mpaka akifunge yeye ndio nipate mimi."

"Hola tu? Unalia na kaka yako ana pikipiki?"

Sikungoja jibu. Nikafunga gunia nyuma kwa mpira, maana kitabu cha uuguzi lazima kiwe kizito, nikala vumbi mpaka Hola. Nikaingia maktaba ya chuo na helmeti kichwani, gunia mkononi.

"Nani ameng'ang'ania kitabu cha Garsen? Dada yangu atafeli!"

Maktaba nzima ikageuka. Msichana mmoja akainua simu, macho yamemtoka.

"Cha uuguzi? Si ndio hiki, kaka. Kiko kwa mtandao. Utakitia vipi kwa gunia?"

Wallahi nilikauka kama samaki. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Yule msichana akafunga kitabu chake upesi, akawasha kamera, akaanza kunirekodi. Nikatoka mbio.

Sijafika kwa pikipiki, Habiba akapiga.

"Kaka, nimekipata! Yule wa Hola amekifunga!" Kisha akaongeza: "Lakini hebu niambie, huyu wa gunia kwenye video iliyotumwa kwa grupu yetu ya uuguzi ni nani?"